Kila Kitu na Baridi Yake

Fundi hakuniuliza gari lina tatizo gani. Aliniuliza ninakwenda wapi, lini, na usiku wa kwanza gari litalala wapi. Nikamwambia: Billings, Montana, mwisho wa Desemba, na usiku wa kwanza tutalala Bismarck.

"Ndani au nje?"

Sikumwelewa. Nikasema tutalala hotelini.

"Si wewe, mwanangu. Gari. Litalala ndani au nje?"

Litalala nje, kwenye uwanja wa hoteli. Akatikisa kichwa polepole, akachukua kipande cha chaki, akaandika namba moja kwenye ukuta wa zege juu ya meza yake ya spana: 35, na mbele yake alama ya kutoa. "Tuanzie hapo," akasema. "Kila kitu kina baridi yake."

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Desemba. Nilidhani nimewahi mno. Yeye aliona nimechelewa kidogo.

Kutoka Minneapolis hadi Billings ni takriban kilomita 1,350, mbali zaidi kuliko Dar es Salaam hadi Tunduma. Karibu safari yote ni barabara moja, Interstate 94. Inapita Fargo, inaikata North Dakota nzima kutoka mashariki hadi magharibi, halafu inaingia Montana. Sehemu kubwa ni tambarare, mashamba ya ngano na alizeti yaliyolala chini ya theluji, na hakuna mlima wala msitu wa kuuzuia upepo. Upepo ukiamka, theluji iliyokwisha kuanguka hunyanyuka tena kutoka mashambani, na dereva haoni boneti ya gari lake mwenyewe. Siku kama hizo serikali ya jimbo huifunga barabara kwa mageti ya chuma yaliyosimikwa kwenye njia za kuingilia. Februari 1936, mji wa Parshall katika jimbo hilo ulipima nyuzi 51 chini ya sifuri. Julai ya mwaka uleule, Steele, mji mdogo ulio kando ya barabara hiyohiyo, ulipima nyuzi 49 za joto. Tofauti ya nyuzi 100 katika jimbo moja, mwaka mmoja.

Mimi nimezaliwa pwani. Kwetu kipupwe maana yake ni shuka la pili kitandani. Kamusi zetu zinayo maneno jalidi na sakitu, nami niliyajua shuleni kama mtu anavyojua majina ya samaki wa bahari asiyoivua. Fundi naye alikulia kwenye joto. Alijifunza kazi eneo la Gerezani, Dar es Salaam, chini ya mabati, akilala mgongoni juu ya kipande cha boksi. Magari aliyoyaandaa kwa safari ndefu yalikuwa yanakwenda Iringa na Mbeya, na adui yake mkubwa alikuwa Kitonga, ule mlima ambao lori likiupanda na mzigo, dereva anatazama geji ya joto zaidi kuliko anavyotazama barabara. Leo ana gereji ndogo yenye milango miwili katika mji ulio kaskazini mwa Minneapolis, na wateja wake ni Wakenya, Watanzania, Wakongo, Wasomali, na Wamarekani waliokwisha kusikia habari zake. Wengine wanamwita Fundi, wengine Mzee. Mimi huanza na shikamoo, naye huitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye injini.

Alianza na thamostati, na hapo ndipo nilipokaa kitako kusikiliza.

Thamostati ni kifaa kidogo cha shaba na chuma, kinaenea kwenye kiganja. Ndani yake kuna nta. Injini ikiwa baridi, nta ni ngumu na mlango umefungwa, kwa hiyo maji yanazunguka ndani ya injini tu na kupata joto upesi. Yakifika kama nyuzi 88, nta inayeyuka na kutanuka, inausukuma mlango, maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Kifaa hakina umeme wala akili nyingine, ni nta tu inayojua joto lake. Kwetu, fundi akiletewa gari linalochemka, mara nyingi dawa ya kwanza ni kuing'oa thamostati na kuitupa. Maji yapite muda wote, injini isichemke. "Nimezitupa nyingi," Mzee aliniambia, huku akiishika ile mpya kwa vidole viwili. "Kule nilikuwa nafikiri ni kitu cha Wazungu cha kuzuia maji. Nilipofika huku, nikaletewa gari halitoi joto ndani. Mama na watoto wawili, wanaendesha na mablanketi magotini. Nikafungua, nikakuta thamostati imekwama wazi. Siku hiyo nikajua kazi yake."

Kwa nchi ya baridi, injini isiyopata joto haikupi joto. Hita ya gari haichomi kitu chochote, inaazima tu joto la injini na kulipuliza kwa feni kwenye miguu yako na kwenye kioo. Mlango ule wa nta ukibaki wazi, upepo wa nyuzi 30 chini ya sifuri unaopiga rejeta unamaliza joto lote kabla halijakufikia. Kioo kinaganda kwa ndani kwa pumzi zenu wenyewe. Kwa hiyo Mzee aliichemsha thamostati mpya kwenye sufuria, juu ya jiko dogo la umeme, na kipimajoto kimezama pembeni, akaingoja ifunguke mbele ya macho yake kabla ya kuifunga. Nilimuuliza kama vipya pia hupimwa. "Kipya ni kitu ambacho hakijajaribiwa," akasema. Tulisimama pale juu ya sufuria kama watu wanaongoja chai.

Halafu kulanti. Alifyonza tone moja kutoka kwenye rejeta, akalidondosha juu ya kioo cha kipimo kinachofanana na darubini ndogo, akakielekeza kwenye taa na kufumba jicho moja. Kisha akanipa nitazame. Ndani kulikuwa na mstari uliogawa buluu na nyeupe, na kando yake namba. Mstari ulikaa kwenye 37 chini ya sifuri, yaani mchanganyiko wa nusu kwa nusu, maji na dawa, kama unavyouzwa madukani. Nikafurahi. Mzee hakufurahi. Alinyoosha chaki kwenye ukuta. "Thelathini na tano na thelathini na saba ni majirani," akasema. "Mimi sipendi majirani wa namna hiyo."

Nikadhani ataongeza dawa tupu, isiyo na maji kabisa. Watu wengi hudhani hivyo, kwamba kama nusu inafaa basi yote itafaa zaidi. Kumbe ile dawa, ethilini glaikoli, ikiwa peke yake huganda mapema, kwenye kama nyuzi 13 chini ya sifuri. Maji peke yake huganda kwenye sifuri. Vikichanganywa, kila kimoja kinamzuia mwenzake kujipanga na kuwa barafu, na mchanganyiko huo unavumilia baridi ambayo hakuna kati yao anayeiweza akiwa mpweke. Sehemu sita za dawa kwa nne za maji hufika karibu nyuzi 50 chini ya sifuri. Ukizidisha sana kupita hapo, unaanza kurudi nyuma. Mzee alipunguza kidogo, akaongeza kidogo, akawasha injini izunguke, akapima, akangoja ipoe, akapima tena. Kazi hiyo ilichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Aliporidhika, aliandika 50 kwenye ukuta, chini ya 35, akapiga mstari.

Ukuta ule ulikuwa ndio daftari lake. Kwa siku tatu nilizokwenda pale niliuona ukijaa namba kutoka juu kwenda chini, kama ngazi. Juu kabisa aliandika 7, ya joto, si ya baridi. Hiyo ni namba ya matairi.

Nilikuwa sijui kwamba raba nayo inaona baridi. Tairi la kawaida, likishafika chini ya nyuzi 7 hivi, huanza kukakamaa. Meno yake yanaweza kuwa mazima kabisa na bado yasishike, kwa sababu mpira umekuwa kama gamba. Tairi la theluji limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na juu ya meno yake kuna mikato myembamba, mingi, kama iliyochanjwa kwa wembe, ambayo hufunguka kila tairi linapogusa barabara na kuuma theluji. Ubavuni lina alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. La kwanza la aina yake lilitengenezwa Finland mwaka 1934, kwa ajili ya malori, na kiwanda ambacho leo kinaitwa Nokian Tyres. Mzee alilikandamiza tairi langu la zamani kwa kidole gumba, kisha akanipa la theluji nilikandamize. Tofauti ilikuwa kama ya mkate wa juzi na mkate wa leo.

Nilitaka kununua mawili ya mbele tu, kwa kuwa gari langu linavutwa na magurudumu ya mbele. Alikataa kunifungia. Alinieleza bila kupandisha sauti: mbele pakishika na nyuma pasishike, siku utakayokanyaga breki kwenye kona, nyuma inakuja kukusalimia mbele. Manne, au nikamtafute mtu mwingine. Nikanunua manne. Akayafunga, akakaza nati kwa spana yenye kipimo, akanitaka nirudi baada ya kilomita 100 azikaze tena, kwa kuwa nati za gurudumu lililofungwa upya huweza kulegea.

Upepo wa matairi hakuujaza siku hiyo. Gereji ilikuwa na joto la nyuzi 20, na hewa nayo ina baridi yake: ndani ya tairi husinyaa. Ukijaza psi 32 ndani ya gereji yenye joto kisha gari likalala nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, asubuhi utakuta 25 au 26. Hakuna pancha, hakuna aliyetoa upepo. Kwa hiyo gari lilisukumwa nje likalala huko. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijachomoza, nilimkuta amepiga goti kwenye theluji, geji mkononi, anajaza tairi moja moja kabla gari halijasogea hata hatua. Alikuwa amevua glavu moja ili asikie valvu kwa vidole.

Betri aliishughulikia kimya. Umeme wa betri unatokana na kemia, na kemia ikipata baridi huenda polepole. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, betri nzima inabakiwa na karibu nusu ya nguvu yake, au pungufu, saa ileile ambayo injini, kwa kuwa oili imekuwa nzito, inaidai stata nguvu zaidi ya siku zote. Ndiyo maana betri zinazouzwa huku huandikwa namba inayoonyesha mkondo zinaoweza kutoa kwenye nyuzi hizo 18 kwa sekunde 30 mfululizo. Ya kwangu ilikuwa na miaka mitano. Ilipimwa kwa mashine ya kuitwisha mzigo, na sindano ikaanguka. Akanionyesha sindano, hakusema neno, akaenda kuleta mpya. Vichwa vya nyaya alivisugua kwa brashi na maji ya moto yenye magadi, povu likapanda, akakausha, akapaka mafuta ya mgando. Betri iliyoisha chaji, alisema baadaye tukinywa chai, inaweza kuganda na kupasuka kwenye baridi ambayo iliyojaa haitaisikia kabisa. Aliandika 18 kwenye ukuta.

Kwa oili alinifanyia kitu ambacho natamani kila mwenye gari angekiona. Alikuwa ameacha chupa mbili nje usiku kucha. Moja ilikuwa ya aina tunayoizoea kwetu, 20W-50. Nyingine 0W-20. Ile W, alieleza, ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake ikiwa ndogo ndivyo oili inavyobaki nyepesi kwenye baridi. Akazigeuza zote mbili kwa pamoja juu ya beseni. Ya pili ilitiririka. Ya kwanza ilitoka kidogo mdomoni mwa chupa, ikaning'inia kama uji uliopoa, ikakataa kukatika. Tuliitazama kwa muda. Sasa fikiria injini inavyoamka asubuhi ikiwa na ule uji mwilini, vyuma vinasagana vikisubiri oili ifike juu.

Waipa, mikanda na mipira ya milango vilikwisha ndani ya nusu saa, waipa mpya na silikoni kwenye mipira ili milango isigandamane. Maji ya kuoshea kioo ndiyo niliyoyaomba mwenyewe yaangaliwe. Msimu wangu wa kwanza, gereji moja niliyoipitia kwa haraka ilinijazia ya kiangazi, na nikiwa nyuma ya lori linalorusha matope ya chumvi nilibonyeza kitufe, yakaganda juu ya kioo palepale. Niliendesha kama mita 200 nikichungulia kwenye tundu la ukubwa wa sahani. Mzee alifyonza yote yaliyokuwamo mpaka chupa ikalia, ndipo akajaza ya nyuzi 29 chini ya sifuri.

Kitu cha mwisho alichokifunga kilikuwa mkia. Magari ya huku mengi yana waya wenye plagi unaochungulia mbele, karibu na taa, na mgeni hudhani ni magari ya umeme. Ni hita ya injini. Mwaka 1949 Andrew Freeman, mtu wa Grand Forks, North Dakota, alipewa hataza ya kifaa cha kupashia injini joto kwa umeme. Chake kilichukua nafasi ya bolti moja ya kichwa cha injini, kikaingiza joto moja kwa moja ndani ya chuma. Hizi za leo nyingi hukaa ndani ya njia za maji ya injini. Unachomeka saa mbili au tatu kabla ya kuondoka, na injini inaamka kama imelala Dar. Napenda kwamba kilitoka kwa mtu wa kulekule, aliyeziona asubuhi hizo mwenyewe.

Boksi la dharura hakuniachia nilipange. Blanketi mbili za sufu, koleo fupi, mfuko wa mchanga wa kutupa chini ya tairi, tochi, nyaya za kuwashia gari, mishumaa na kopo la bati la kuisimamishia, biskuti, njugu, filimbi, kitambaa chekundu cha kufunga kwenye antena. Nikafungua buti. Akalifunga. Boksi likae kiti cha nyuma, kwa kuwa buti linaweza kuganda au kufukiwa siku ile hasa unayolihitaji. Kisha akanisimamisha nyuma ya gari, akanionyesha bomba la moshi. Mkikwama kwenye dhoruba, alisema, msitoke kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Kaeni ndani ya gari. Washeni injini dakika kumi kila saa, lakini kwanza mmoja atoke afukue theluji hapa, kila mara, kwa kuwa moshi ukikosa njia utaingia ndani, na sumu yake haina harufu ya kukuamsha. Na tangi lisishuke chini ya nusu. Alinitaka niyarudie yote kwa mdomo wangu. Nikayarudia. Mdogo wangu, msafiri mwenzangu, ambaye alikuwa amekuja kunichukua, akatakiwa ayarudie naye.

Tuliondoka alfajiri, tarehe 27. Baada ya Fargo upepo ulikuwapo, theluji ikavuka lami chinichini kama moshi, na tuliwapita watu wawili waliotoka barabarani, polisi wakiwa nao. Tulijaza mafuta Jamestown tangi likiwa juu ya nusu. Bismarck tulifika jioni, na hoteli haikuwa na soketi za kuchomekea magari, tofauti na tulivyoahidiwa kwa simu. Kwa hiyo mkia haukufanya kazi usiku ule, na gari lililala nje, uchi, kwenye upepo.

Asubuhi kipimajoto cha mlango wa hoteli kilionyesha nyuzi 33 chini ya sifuri. Magari mawili uwanjani yalikuwa yanalia tik, tik, tik na kunyamaza. Mlango wa gari letu ulifunguka bila kuvutwa kwa nguvu. Nilisema bismillahi, nikageuza ufunguo. Stata ilizunguka kwa uzito, mara moja, mara mbili, injini ikashika. Taa ya oili ilizimika kabla sijahesabu tatu. Baada ya dakika saba hivi sindano ya joto ilianza kupanda, na hewa iliyotoka miguuni ikawa ya uvuguvugu. Ile nta ilikuwa kazini.

Tulitumia nyaya zetu kuwawashia wale wenzetu wawili, mmoja baada ya mwingine, ndipo tukaingia barabarani.

Niliporudi nilimpelekea Mzee picha ya kile kipimajoto. Aliitazama, akaikuza kwa vidole viwili kwenye simu, akauliza swali moja tu: stata ilizunguka mara ngapi. Nikamwambia mbili. "Mbili," akasema, akarudi chini ya gari la mtu mwingine. Ukutani namba zangu zilikuwa zimekwisha kufutwa, na juu ya meza ya spana kulikuwa na namba mpya ya msafiri mwingine: 28.

Ndugu msomaji uliye katika nchi za baridi, kama una safari na unamjua fundi wa namna hii, mpelekee gari mapema, umwambie ukweli kuhusu mahali litakapolala, na usimharakishe.